Shylock wa Mabepari wa Venisi: Shakespeare aliwachukia Wayahudi au aliwatetea?

Mpenda_Jukwaa: Wakuu habari zenu. Nimeisoma tena Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere 1969, nimebaki na swali. Shylock, Myahudi mkopeshaji, anatemewa mate, anaitwa mbwa, binti yake anatoroka na mwanaume Mkristo na pesa za mzee juu, mwisho kesi ya kudai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake Antonio anashindwa na analazimishwa kubadili dini, na wenzake wote wanafurahi eti mambo yamekwisha vizuri. Lakini humohumo katikati kuna pale anapouliza kwani Myahudi hana macho, akichomwa hatoki damu? Hapo lazima umhurumie. Sasa mwandishi alikuwa upande gani?

KalamuKavu: Mkuu anzia hapa, mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi Uingereza mwaka 1290, wakaja kuruhusiwa tena miaka ya 1650 huko enzi za Cromwell, aliyetawala Uingereza wakati huo hakuna mfalme. Mchezo umeandikwa kama 1596 hivi. Yaani wengi waliolipa kiingilio pale London hawajawahi kupiga stori na mtu wanayejua ni Myahudi (walikuwepo wachache, wanaishi kama Wakristo). Walichokuwa nacho ni maneno ya kurithi, mara Wayahudi wamemuua Yesu, mara wanatia sumu visimani, na hiyo ya visima usiichukulie poa, kipindi cha tauni 1348 na 1349 Wayahudi wa miji mingi ya Ujerumani walichomwa moto kwa sababu hiyo. Riba nayo ni vilevile, Kanisa lilikataza Wakristo kukopesha kwa riba, Wayahudi sehemu nyingi hawaruhusiwi kumiliki ardhi wala kuingia kwenye vyama vya mafundi, sasa wale nini? Wakakopesha, wakachukiwa kwa kukopesha.

Bi_Msomaji: Naongezea, Marlowe, mwandishi mwingine wa michezo wa enzi hizo, alitangulia. Mchezo wake wa Myahudi wa Malta ni wa kama 1590, humo Barabas, huyo Myahudi mwenyewe, anatia sumu kwenye uji anaua masista konventi nzima, na binti yake mwenyewe yumo, mwisho anatumbukia kwenye pipa la maji ya moto alilomtegea mwenzake. Halafu 1594 daktari wa malkia Elizabeth, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi, akanyongwa kwa tuhuma kwamba alitaka kumpa malkia sumu, na mwaka huohuo mchezo wa Marlowe ukarudishwa jukwaani ukapiga pesa vizuri tu. Shakespeare alikuwa anaandikia soko hilohilo. Ila yeye Shylock wake kampa sababu, ile ratili ya nyama inakuja baada ya miaka ya matusi.

Mzee_wa_Pwani: Mnakuza mambo, hiyo ni komedi. Na Antonio si naye kachorwa mbaguzi? Mchezo unawasema wote.

Bi_Msomaji: Kaka, Antonio mwisho wa mchezo meli zake zinarudi. Kuna aliyemnyang'anya dini yake? Na hilo sharti la Shylock abatizwe kalitoa Antonio mwenyewe.

Dada_wa_Backstage: Mi nimefanya sana mambo ya jukwaani, mnachosahau ni mwigizaji. Maneno ni yaleyale lakini mwigizaji Macklin pale Drury Lane, ukumbi wa London, 1741 aliacha ule uchekeshaji akamfanya Shylock mtu wa kutisha, mwigizaji mwingine, Kean, 1814 akatupa lile wigi jekundu la zamani akavaa jeusi na watu wakaanza kumwonea huruma, 1903 Jacob Adler akamwigiza New York kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huku wenzake wote wanaongea Kiingereza. Alafu Vienna 1943, chini ya Wanazi, Werner Krauss akamcheza kama kitu cha kuchukiza, wakati Wayahudi wa mji huo walishasombwa kupelekwa kuuawa. Kama mchezo ungekuwa utetezi mtupu wasingeupeleka jukwaani wale.

Mpenda_Jukwaa: Duh. Asanteni sana. Sisi tunataka kuuigiza na kikundi chetu, nawaza tuifute sehemu ya tano, ile ya mzaha wa pete, wake wanawatania waume zao kwa pete walizozitoa, maana baada ya kesi inakera.

Dada_wa_Backstage: Usiifute, acha ikere. Mwangalie Jessica, yule binti wa Shylock, mwanzoni anataniana na mumewe Lorenzo, kisha anasema muziki mtamu haumchangamshi, basi, toka hapo haongei tena. Hata wanaposoma hati kwamba mali za baba yake zitakuwa zao akifa, Lorenzo ndo anashukuru. Huyo binti mtafutie mwigizaji mzuri.