Mliocheza ligi ya netiboli mkitokea kusini, tupeane uzoefu

Binti Mikindani: Wadau, jana nimepita uwanja mmoja hapa Mtwara mjini nikakuta mabinti wanajifua, nikakumbuka UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ya 2019 ilivyofanyika hapa kwetu, halafu nikakumbuka msimu wangu wa ligi. Nani mwingine alitoka huku na kizibao cha klabu kwenda ligi ya taifa? Mwageni.

GK Mstaafu: Umenitonesha. Watu wakisikia ligi wanadhani leo nyumbani wiki ijayo ugenini. Yetu timu zinakusanywa kituo kimoja, mnabanana karibu kila siku mpaka bingwa apatikane. Sisi tulilala darasani, magodoro chini, sketi za mechi tumezianika juu ya madawati.

Sasa tukapangwa na timu moja ya majeshi. Wale wana mishahara, wana mtu wa tiba, akiba wao anaanza kwetu bila mjadala. Robo ya tatu tuko nao bega kwa bega. Ukapigwa mpira wa juu kwa GS wao, mfungaji niliyekuwa namkaba, nikaruka, nikaudaka! Na mnajua sheria: mguu uliotangulia kutua, ukiuinua ukaurudisha chini mpira ungali mkononi, filimbi. Kwa hiyo nikatua na kufunga breki palepale, juu ya sementi. Mguu ukabaki, mwili ukaendelea. Nilisikia "ko!" kama muhogo mkavu unavunjwa.

Barafu hakuna. Kiongozi wetu akakimbia getini kwa mama muuzaji, akarudi na barafu za ubuyu, zile za kwenye vifuko, akanifunga nazo gotini kwa kanga. Zikaanza kuyeyuka. Jukwaani wakaona wekundu unachuruzika hadi kwenye soksi, wakaanza kupiga mayowe wakidhani nimekatika mshipa.

Kano ya mbele ya goti. Msimu ukaishia hapo. Nauli ya kwenda hospitali nikaambiwa nisubiri minada ya korosho.

Mchinga Mbili: Barafu za ubuyu 😂😂 Pole sana dada, nacheka huku roho inauma.

Fundi Mchua: Goti hilo maji ya moto na chumvi, unachuliwa jioni jioni. Mwezi tu unaruka.

Nesi wa Zamu: Jamani goti lililovimba halichuliwi! Siku za mwanzo barafu, mguu juu, usiukanyagie, halafu nenda Rufaa ya Kanda pale Mitengo ukaonwe na watu wa mifupa.

Fundi Mchua: Bibi yangu kachua Newala nzima.

Nesi wa Zamu: Ndiyo maana Newala nzima inachechemea.

Korosho Ghafi: Mnalialia bure, hii ni basketi ya akina mama. Na ligi ya kulipwa ni ya Australia, siyo hizi za kulala darasani.

Refa wa Zamani: Wewe kijana, basketi ina ubao wa kugongesha. Huku pete iko mita 3.05 juu, nguzo tupu, na mlinzi kakunyooshea mikono usoni. Mpira unao sekunde 3 tu. Jaribu siku moja uje usimulie.

Kuhusu Australia ni kweli, Super Netball ilianza 2017, na Mwai Kumwenda wa hapo Malawi alikuwa akifungia Melbourne Vixens. Ila mwaka 2020 wakaleta goli la mbali la pointi mbili, dakika 5 za mwisho za kila robo. Hapo waliniudhi.

Korosho Ghafi: Pointi mbili ndiyo raha yenyewe, mzee wangu.

Refa wa Zamani: Raha ya mpiga danadana.

Senta wa Masasi: Msigombane. Kwetu kulipwa ni kuonwa na timu za taasisi, JKT Mbweni, Uhamiaji na wenzao. Binti anawaza ajira kabla ya kombe. Mdogo wangu unayeanza, cheza kila mechi kama usaili.

GK Mstaafu: Asicheze kila mechi! Mimi nilicheza kila mechi.

Mama Abdul: Wa kwangu ni mkasa wa njiani. Mei 2024 tunarudi kutoka mashindano Dar, kimbunga Hidaya kikakata barabara Somanga. Tukalala kwenye basi, mipira ndiyo mito. Dereva wa lori la saruji, anarudi Mtwara tupu, akatupikia wali kando ya barabara. Ndiye baba Abdul. Ila nilichotaka kusema, mazoezi ya kutua tuanze nayo mapema kwa watot...

Mchinga Mbili: WEWE! Rudi hapo kwa dereva.

Fundi Mchua: Wali na nini?

Mama Abdul: Na dagaa. Alinipa sahani ya kwanza, kocha akanuna.

Senta wa Masasi: Kumbe wewe ndiye yule WA, winga wa kushambulia! Sisi tulikuwa basi la nyuma, tulilala njaa.

Binti Mikindani: Jamani mada ni ligi.

Korosho Ghafi: Ligi tumeshaielewa. Mahari alitoa shilingi ngapi, au alileta saruji?