Ichiro au Dunn? Kipimo cha mpigaji katika besiboli ya kadi na dadu

Kigongo Chepesi

Ndugu wanajukwaa, salamu. Sisi watu saba hapa Seattle tumeanzisha ligi ya Strat-O-Matic, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu ambamo kila kadi ni ya mchezaji halisi, na tumekubaliana kutumia kadi za msimu wa 2004. Zamu yangu ya kuchagua mchezaji inakaribia, na waliobaki ninaowataka ni wawili. Wa kwanza ni Ichiro Suzuki wa timu yetu ya hapa Seattle, ambaye msimu ule alipiga hiti 262 (mapigo yanayomfikisha mpigaji kituoni salama), rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, kwa wastani wa kupiga wa 0.372. Wa pili ni Adam Dunn wa Cincinnati, ambaye wastani wake ulikuwa 0.266 tu na alitolewa kwa straiki (yaani bila kuupiga mpira ukaingia uwanjani) mara 195, lakini alipiga homurani 46, yaani mapigo ya kuzunguka vituo vyote. Moyo wangu uko kwa Ichiro, na majirani zangu hapa hawatanisamehe nikimwacha. Hata hivyo, nikijumlisha kiwango cha kufika kituoni (OBP) na kile cha nguvu ya mapigo (SLG) ili kupata OPS, Ichiro anapata 0.869 na Dunn 0.957. Je, OPS inatosha kuamulia jambo hili?

Mzee wa Kadi

Inasaidia, lakini ina kasoro moja kubwa: inajumlisha vitu viwili kana kwamba vina uzito sawa, ilhali kufika kituoni huzalisha alama nyingi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mpigaji asiyetolewa humwachia mwenzake nafasi ya kupiga. Wachambuzi wengi huizidisha OBP kwa 1.8 kabla ya kuijumlisha na SLG, kisha hugawanya kwa nne ili jibu lisomeke kama wastani wa kawaida wa kupiga. Kwa Ichiro (0.414 na 0.455) jibu ni 0.300, na kwa Dunn (0.388 na 0.569) ni 0.317. Dunn bado anaongoza, ila pengo limepungua. Kuhusu zile straiki 195, usizihofu sana, maana katika hesabu ya alama kutolewa kwa straiki hakutofautiani sana na kutolewa kwa mpira uliodakwa.

Bi Hesabu

Namuunga mkono Mzee, lakini kwa ligi ya kadi mimi ningeacha viwango na kuhesabu alama zenyewe, kwa sababu kadi haina kiwango, ina matukio. Pete Palmer, mtakwimu wa besiboli, aliliwekea kila tukio thamani yake kwa alama: hiti ya kituo kimoja 0.46, ya viwili 0.80, ya vitatu 1.02, homurani 1.40, kituo cha bure (anachopewa mpigaji bila kupiga) 0.33, na kila kutolewa hupunguza 0.25. Hiti za Ichiro zilikuwa 225 za kituo kimoja, 24 za viwili, 5 za vitatu na homurani 8. Ukiongeza vituo 53 vya bure, ikiwemo mara nne alizogongwa na mpira, na kuondoa mara 442 alizotolewa akipiga, anabaki na alama 46 juu ya mpigaji wa kawaida. Dunn, kwa hesabu hiyohiyo, anapata 57. Sasa ongeza uibaji wa vituo, ambao OPS haiuoni kabisa: Ichiro aliiba 36 na kukamatwa mara 11, na kwa kuwa kufanikiwa kuna thamani ya 0.30 na kukamatwa hugharimu 0.60, anaongeza alama nne. Ndipo utakapoona kwa nini wezi wengi wa vituo hawana faida kubwa: Rickey Henderson mwaka 1982 aliiba 130, lakini alikamatwa mara 42, na faida yote haifiki alama 14.

Angalia pia kwamba Ichiro alipata zamu 762 za kupiga na Dunn 681. Kama kanuni zenu haziwekei kadi kikomo cha zamu, gawanya alama kwa zamu kwanza, na Dunn atazidi kupanda.

Mzee wa Kadi

Bi Hesabu amenishinda, nakubali. Niongeze jambo moja la mchezo wenyewe. Dadu moja ndiyo huamua kama jibu litasomwa kwenye kadi ya mpigaji au ya mrushaji, nusu kwa nusu. Kwa hiyo tofauti ya wapigaji wako itaonekana katika nusu ya zamu tu. Na kama mnatumia upande wa kadi wenye kanuni za juu (zile za kina zaidi), mpigaji ana safu tofauti dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto. Ichiro na Dunn wote hupiga kwa kushoto. Jumla ya msimu mzima haitakuonyesha nani kati yao anayedhoofika mbele ya warushaji hao.

Kigongo Chepesi

Nawashukuru sana. Tunatumia kanuni za juu, na hilo la mwisho limenigusa, kwa sababu Johan Santana na Randy Johnson, wote warushaji wa kushoto, wameshachukuliwa na wapinzani wangu, na nitakutana nao mara nyingi. Kwa hiyo nitarudia hesabu ya Bi Hesabu, safari hii nikihesabu matukio ya safu za kushoto peke yake kwenye kadi zote mbili. Kadi ziko kwa mwenyekiti wa ligi. Nitampitia kesho jioni.