Naomba ushauri: kaka anataka tupande barafu ya Aisilandi bila mwongozaji

BintiKibosho
Wakuu, habari zenu. Nasoma Aarhus, Denmark, huu mwaka wa pili. Mwezi wa tisa kaka yangu anakuja kunitembelea kutoka Moshi, na tumepanga kwenda Aisilandi siku tano. Hamu yetu kubwa ni kutembea juu ya Sólheimajökull, ule mto wa barafu wa kusini, kama kilomita 160 kutoka Reykjavík.

Tatizo ni hili. Kaka amebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita, kilele cha Uhuru amekifikia mara nyingi mpaka hesabu imempotea. Anasema kumlipa mtu atuongoze kwenye barafu iliyo chini karibu na bahari ni kutupa hela, na kwamba kule hakuna geti kama la Marangu, unaegesha gari unapanda. Mimi mlima nimeutazama tu kutoka uani kwetu, na kwenye urefu magoti hulegea. Tangu baba afariki, neno la kaka ndilo linalosimama nyumbani, kwa hiyo siwezi kumbishia mikono mitupu. Mliofika, naombeni hoja. Na je, visa yake ya Denmark itamfikisha huko?

NesiOslo
Pole na hongera dada. Mimi nilikwenda hapo hapo, kundi la watu kumi na mwongozaji mmoja. Kabla ya kukanyaga barafu alipita kwa kila mtu, akapiga goti, akaingiza vidole kwenye mikanda ya zile njumu za chuma zinazofungwa chini ya viatu. Yangu niliona imekaza. Akaivuta, ikalegea palepale. Akaifunga upya bila kusema neno, akaenda kwa mwingine.

Kisha akatufundisha kutembea upya kama watoto. Unatua kwa unyayo mzima ili meno yote yaume barafu. Miguu unaiachanisha, maana jino likinasa suruali ya mguu wa pili unaanguka kifudifudi. Ukiteremka unakunja magoti, uzito unaushusha chini. Baada ya dakika ishirini hivi nilisikia miguu yote inalia krach, krach kwa mpigo mmoja, na hofu ikapungua.

Usitegemee weupe kama wa kwenye kalenda. Barafu ile ina mistari na vichuguu vyeusi vya majivu ya volkano, na chini yake bluu kali. Tulifika kwenye shimo ambalo maji yanayoyeyuka yameitoboa barafu, yanazama humo yakinguruma. Mdomo wake ulikuwa mdogo kuliko beseni la kufulia. Mwongozaji alichimba pa kusimama kwa shoka lake, akatuchungulisha mmoja mmoja huku amemshika mtu mkanda wa kiunoni. Sikuona mwisho. Peke yangu ningelipita nikidhani ni kidimbwi.

Mavazi: acha jinzi kabisa, ikilowa haikauki na inakunyang'anya joto. Vaa sufu ndani, koti na suruali ya mvua juu, glavu hata kama jua linawaka, kwa sababu ukianguka barafu inachana kiganja kama kioo. Viatu viwe vya kupandia mlima, vinavyoshika kifundo. Raba haziwezi kubeba zile njumu.

Njia_ya_Machame
Mdogo wangu, mpe kaka yako asome hapa. Mimi nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka kumi na moja na kazi ya upagazi naiheshimu, ndiko nilikoanzia.

Kaka, jiulize: katika safari zako zote, ni lini ulikanyaga barafu yenyewe? Kwa Machame au Marangu tunakanyaga udongo, mawe na changarawe. Ukitoka Stella Point kwenda Uhuru barafu unaiona pembeni, unapita. Adui yetu kule ni hewa nyembamba, mita 5,895, na tunamjua: pole pole, maji mengi, mgeni akizidiwa ateremshwe. Sólheimajökull hewa ni tele, kwa hiyo ujuzi wako huo hauna kazi hapo. Adui ni ardhi yenyewe, maana inatembea. Barafu inashuka, inapasuka, inayeyuka, na njia ya wiki iliyopita wiki hii ni ufa. Waongozaji wa pale wanaipitia na kuchonga ngazi upya kila mara. Wewe utaijuaje kwa siku moja?

Tena ule mto umetoka kwenye barafu kubwa ya Mýrdalsjökull, iliyoifunika volkano ya Katla. Na unarudi nyuma: wanafunzi wa shule ya Hvolsvöllur wanaupima kila mwaka tangu 2010, na palipokuwa na barafu sasa pana ziwa. Sisi wa Moshi hilo halihitaji kuelezwa, tumeona kofia ya mlima wetu ikipungua.

Kuhusu geti: kwetu mwongozaji ni lazima kwa sheria, ndiyo maana hujawahi kuona mgeni aliyekwenda kichwa kichwa. Kule ukiona njia iko wazi usidhani ni salama.

Kipepeo_wa_Tanga
Kuhusu visa, Aisilandi iko ndani ya Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia visa ya pamoja. Akishaingia Denmark atasafiri kwa visa hiyo hiyo, mradi siku zake hazijaisha na Denmark ndiko anakokaa siku nyingi zaidi. Bima asome maandishi madogo: nyingine hazilipi ajali ya kwenye barafu.

Na mkiambiwa kuna pango la barafu, kwa mwezi wa tisa kataeni. Agosti 2024 barafu iliporomoka Breiðamerkurjökull, mto mwingine wa barafu wa huko huko, mtalii mmoja Mmarekani akafariki, na walikuwa na waongozaji. Mapango mengi ni ya majira ya baridi.

BintiKibosho
Asanteni sana, nimelia kidogo kusoma. Nimempigia kaka nikamsomea yote, la Njia_ya_Machame nimelirudia mara mbili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama hizo njumu zipo za kiatu namba 46.

NesiOslo
Zipo, urefu wake hurekebishwa. Ila viatu vya kukodi vya namba hiyo huisha mapema, kwa hiyo andika 46 wakati unalipia nafasi. Kama anavyo vyake vya Kilimanjaro vyenye soli ngumu, aje navyo, mguu wake umeshavizoea.