Brekipedi za mbele zimekwisha, ninunue vifaa gani nibadilishe mwenyewe?

Baridi_Njombe:
Wakuu, habari za leo. Nina Honda cc 125, mbele diski, nyuma ngoma. Pedi za mbele zimekwisha, nikishika breki nasikia chuma kinasaga. Mafundi wa karibu yangu kila bolti wanaifungua kwa spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), sitaki waniharibie vichwa. Pedi mpya ninazo. Nimechungulia: kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) ina bolti mbili, halafu kuna pini ya kushikilia pedi yenye tundu la pembe sita limejaa vumbi. Spana nilizonazo ni 10 na 17 tu. Ninunue nini? Njia yangu ni milima ya kuelekea Ludewa, sitaki kubahatisha.

Spana_Mkononi:
Mkuu, vichache tu. Bolti za kalipa mara nyingi ni 12, ila pima kabla ya kununua, nyingine ni 14. Chukua spana ya boksi au ringi. Pini ni alenki, kwa Honda mara nyingi namba 5, na hapo ndipo pa kutoa hela. Alenki laini za seti ya bei chee zinazunguka ndani ya tundu, pembe zinaisha, unaishia kutafuta mtu wa kuchomelea nati. Kwangua vumbi kwa msumari mpaka alenki izame yote.
Halafu legeza pini KABLA hujatoa kalipa kwenye shokapu. Ikiwa imefungwa imetulia. Ukishaitoa utapambana nayo mkononi kama kuku anayekataa kuchinjwa.

Boda_Mstaafu:
Mnamzungusha bure, fundi anamaliza kabla chai haijapoa.

Spana_Mkononi:
Kwa spana malaya, mzee? 😂

Baridi_Njombe:
Dukani wananishawishi ninunue na kifaa cha kusukumia pistoni ya kalipa irudi ndani.

Mama_Gia:
Kaka, achana nacho. Osha pistoni kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, usitumie petroli, inaharibu raba. Kisha sukuma kwa dole gumba. Ikigoma, weka pedi ya zamani katikati, kaza kwa klempu taratibu. Fungua kwanza kifuniko cha mafuta ya breki, zungushia kitambaa, maana pistoni ikirudi mafuta yanapanda, na yakimwagikia tangi yanakula rangi. Pedi zikiwa nje usiguse mkono wa breki, pistoni itachomoka.

Baridi_Njombe:
Alenki nimepata, pini imelegea bila shida. Ila pedi ya ndani imelika mpaka kwenye chuma, ya nje bado ina nyama. Kawaida?

Spana_Mkononi:
Si kawaida. Kama pistoni iko upande mmoja tu, kalipa inatakiwa iteleze kwenye pini zake mbili (si ile ya alenki) ili pedi ya nje nayo ibane. Zako zimekauka. Zichomoe, futa, angalia raba zake, paka grisi ya silikoni, hii ya beringi inavimbisha raba. Usipofanya hivyo pedi mpya zitaisha vilevile.

Mama_Gia:
Na ukimaliza, pampu breki mpaka iwe ngumu kabla hujapanda. Ukiibana mara za kwanza haishiki kabisa. Bolti za kalipa kwa Honda ndogo nyingi zinakazwa kwa nguvu ya kama Nm 30, thibitisha kwenye kitabu chake. Ludewa nenda kesho, leo shikashika breki kidogokidogo kwenye tambarare pedi zizoeane na diski.

Baridi_Njombe:
Pini moja kweli imeganda kutu. Naenda kutafuta hiyo silikoni.