Mbwa aina ya Jack Russell anafukua kihamba (shamba la migomba la nyumbani) na kuua kuku wa jirani: nimlee vipi?

Mkazi wa Kibosho
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Shemeji yangu aliyehamishiwa Dodoma kikazi ameniachia mbwa wake mdogo wa aina ya Jack Russell, dume la miaka miwili. Watoto wanampenda, lakini amefukua mashina ya migomba hadi mizizi ikaonekana, na wiki iliyopita aliua tetea wa jirani aliyekuwa na vifaranga. Baba mkwe anashauri nimfunge mnyororo mchana kutwa na kumfungulia usiku, kama tunavyowafanyia mbwa wa ulinzi. Je, hilo litamtuliza? Pia nina wasiwasi na kupe, kwa kuwa tuna ng'ombe wa ndani na majani yao huletwa kila siku kutoka tambarare.

Mfugaji wa Njiro
Kwa heshima zote kwa baba mkwe, mnyororo utamfanya abweke kutwa na kutafuna kila kilicho karibu. Mbwa hawa asili yao ni Uingereza, ambako mchungaji wa kanisa aitwaye John Russell aliwazalisha katika karne ya 19 ili waingie mashimoni na kuwatoa mbweha, kwa hiyo huyo anayekuharibia migomba anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Wangu nimemtengea kona yenye udongo laini nyuma ya banda, ninazika humo kipande cha ngozi kavu, na akianza kufukua kwingine ninamwita na kumpeleka huko. Mtembeze asubuhi na jioni, kamba ikiwa imefungwa kwenye mkanda wa kifuani. Kuhusu kuku, usitegemee kwamba atawazoea. Weka uzio wa wavu na uuzike chini walau futi moja, la sivyo atapita chini yake. Jirani naye mlipe tetea wake mapema, kabla habari haijafika kwa balozi wa nyumba kumi.

Daktari wa mifugo, Arusha
Ninaongezea kuhusu kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza ugonjwa wa erlikia, ambao huleta homa, humfanya mbwa akatae chakula, na wakati mwingine humtoa damu puani. Mkague kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole, na utibu banda pia, kwa sababu kupe huyu hujificha kwenye nyufa za kuta. Tafadhali usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia vipimo. Mbwa wa kilo sita hudhurika upesi. Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe na wakati.

Mkazi wa Kibosho
Asanteni sana. Daktari, ghalani tuna mahindi na tumezoea kuweka sumu ya panya. Kuna hatari?

Daktari wa mifugo, Arusha
Ipo, na kwa mbwa mwinda panya ni kubwa zaidi. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa, hivyo mtu hudhani mbwa amesalimika. Ukimwona na panya aliyekufa kwa sumu au karibu na chambo, mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo pamoja na pakiti ya sumu, kwani tiba ya vitamini K hufaa zaidi ikiwahiwa. Ila kwa ghala lako ningeondoa sumu kabisa na kutumia mitego iliyowekwa juu ya dari, mahali ambapo mbwa hafiki.