Kuchezea paleti ya rangi: ninunue PC ya chogo yenye QBasic au nibaki na laptopu?

Kiduku_Kodi: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa anauza PC ya zamani na kioo chake cha chogo, elfu 70, ndani ina DOS (mfumo wa zamani kabla ya Windows) na QBasic (lugha ya kuandikia programu). Nataka kitu cha kuchezea paleti, yaani nibadilishe namba moja na kila kilichochorwa kwa rangi ile kigeuke hapohapo. Nichukue au nihangaike na QB64, FreeBASIC au pygame, za kuandikia programu kwenye mashine za sasa? Jamaa anataka jibu kabla ya Jumamosi.

BibiBaiti: Una laptopu gani? Unajifunza mwenyewe au ni ya kuonyesha watu? Mnaleta maswali nusunusu halafu mnataka majibu kamili.

mtu_wa_63: Chukua chogo, hata usifikirie mara mbili. SCREEN 13, hali ya picha ya QBasic, inakupa pikseli 320 kwa 200, rangi 256 kwa mpigo kutoka kwenye 262,144, unazipanga mwenyewe:

SCREEN 13
LINE (0, 0)-(319, 199), 1, BF
SLEEP
PALETTE 1, 63

Bonyeza kitufe chochote, skrini yote iliyokuwa bluu inakuwa nyekundu. Nyekundu unaiandika ilivyo, kijani zidisha kwa 256, bluu kwa 65536, jumlisha. Kila moja mwisho 63.

Lumumba_Dev: 63 ni mambo ya VGA, kadi ya picha ya 1987 mkuu. QB64 ina _PALETTECOLOR, unaipa _RGB32 ya 0 hadi 255 maisha yanaendelea, na PALETTE ya kizamani bado inaikubali. Hiyo elfu 70 nunua bando.

Shemeji_Pikseli: Mimi haya mambo ya rangi 256 kwenye mashine mpya yalinitoa jasho. Kuna programu ya watoto tuliuziwa na fundi mmoja, ya wanyama, kwake inafunguka safi kabisa, tumefika shule tunaifungua mbele ya wazazi simba anatoka zambarau, majani mekundu, mwalimu mkuu ananiangalia mimi, fundi hapokei simu, nikazima nikawasha wapi, kuja kujua ile programu inayochora desktopu nayo inaingia kwenye paleti ileile inapachika rangi zake juu ya za simba, basi ikawa kila nikitaka kuwafungulia watoto naiua kwanza kwenye task manager, vitu vyote vya chini vinapotea, watoto wanasema kompyuta imekufa, ndo nafungua simba. Hela haikurudi.

Lumumba_Dev: Pole, ila hiyo haigusi QB64. Yenyewe paleti inaiigiza ndani, ikitoka nje ni picha ya kawaida.

Kiduku_Kodi: Samahani nilisahau, laptopu ina Linux, RAM 2GB. Ni ya klabu ya kompyuta, kidato cha pili, wako kama ishirini.

BibiBaiti: Watoto ishirini kwenye kachogo kamoja 😂 na Luku ananunua nani? Tumia pygame na projekta. Unatengeneza surface (pa kuchorea) ya biti 8, set_palette_at(1, (255, 0, 0)), ila kila ukibadili rangi lazima u-blit (uinakili) tena kwenye skrini, usipofanya hivyo utakodoa macho mpaka kesho.

mtu_wa_63: Sasa hiyo si paleti hiyo. Kwenye VGA kadi inasoma namba ya pikseli, inaitafutia rangi kwenye jedwali lake, inatuma kioo. Unaandika OUT &H3C8, 1 halafu unatupia nyekundu, kijani na bluu kwenye &H3C9, basi. Maji yanayotiririka kwenye magemu ya zamani pikseli haiguswi hata moja, zinazungushwa rangi tu. Watoto waone kitu halisi.

Kapepe: Si aweke DOSBox tu? Inaigiza VGA na hizo OUT zote, laptopu hiyohiyo, projekta hiyohiyo.

mtu_wa_63: Anaweza. Ila si chogo.

Lumumba_Dev: Angalizo, ukihamisha kodi ya programu ya zamani kutoka mwisho 63 kwenda mwisho 255, usizidishe kwa 4 kila kitu. 63 mara 4 ni 252, nyeupe yako inapauka.

BibiBaiti: Nani ataona tofauti ya 252 na 255 kwenye projekta ya shule, taa imechoka.

Mchungaji_wa_CSS: Kwani hao watoto si wafundishwe HTML wapate kazi

mtu_wa_63: Anzisha uzi wako.

Kiduku_Kodi: Nimeongea na jamaa, kashuka hadi 55. Naona DOSBox, ila chogo nayo roho inaitaka.

Kapepe: Usipoichukua niunganishe naye, nataka kioo tu nichezee PS2.

Shemeji_Pikseli: Kioo cha PC hicho, kina waya wa VGA, PS2 yako inatoa AV. Utahitaji kibadilishi, na vile vya bei rahisi picha inacheza.