Mbwa wangu anabweka usiku kucha na majirani wamechoka: nifanyeje?

Mkazi wa Tabata

Habari zenu, ndugu zangu wafugaji. Nina mbwa dume wa miaka miwili na nusu, chotara wa jamanshepadi na mbwa wa kienyeji, ambaye nilimchukua akiwa mdogo baada ya nyumba yetu kuvunjwa na wezi. Tunamwita Tomi. Mchana hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba, kwa sababu watoto wa jirani huingia na kutoka, na ifikapo saa nne usiku tunamfungulia azunguke uani. Tangu hapo hadi karibu na alfajiri ni kubweka tu: akipita mtu, ikipita bodaboda, mbwa wa mtaa wa pili akilia, na mara nyingine bila sababu yoyote ninayoiona. Nikitoka kumkemea huzidi. Nikimpa kipande cha mkate hunyamaza, lakini baada ya dakika kumi huanza upya.

Wiki iliyopita mjumbe wetu alinijia kwa upole kunieleza kwamba jirani mwenye mtoto mchanga hapati usingizi. Niliona aibu sana, kwa kuwa jirani huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutukimbilia usiku ule tulipoibiwa. Shemeji yangu ananishauri nimfunge Tomi mdomo kwa kamba kila usiku. Sitaki kumtesa, wala sitaki awe bubu, maana nilimfuga ili abweke mwizi anapokuja. Je, mbwa wa umri huu anaweza kufundishwa kubweka panapostahili tu?

Mfugaji wa Arusha

Pole sana, dada yangu. Anaweza, ila kwa maelezo yako mwenyewe yapo mambo yanayomfundisha kubweka zaidi, na hayo ndiyo ya kuondoa kwanza. Ule mkate ni malipo: amebweka, umetoka, umempa, na baada ya dakika kumi anadai tena ujira wake. Kumkemea nako ni kumpa alichokuwa akikitafuta, yaani mtu wa kuwa naye gizani. Kisha litazame geti. Kama ni la nondo na anaiona barabara, kila mpita njia anayeendelea na safari yake anamthibitishia kwamba amemfukuza yeye, hivyo kesho hubweka kwa ari kubwa zaidi. Ziba geti kwa mabati hadi juu ya usawa wa macho yake.

Lakini kiini cha tatizo ni mnyororo, nami nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mbwa wengi wa ulinzi nchini kwetu wanaishi hivyo. Mbwa aliyeshinda amefungwa hufunguliwa usiku akiwa na nguvu zote za siku nzima, na uani hana kazi nyingine ya kuzimalizia isipokuwa kubweka. Mjengee banda la wavu lenye kivuli, na kila alfajiri mtembeze dakika 30 hadi 40, ukimwachia anuse njiani apendavyo, kwa maana kunusa humchosha kuliko kukimbia. Jioni, badala ya kumwekea ugali wote kwenye sahani, ficha sehemu yake katika pembe mbalimbali za uani autafute.

Mafunzo yenyewe yafanye mchana, dakika tano asubuhi na tano jioni. Mwambie kijana wa nyumbani agonge geti. Tomi akibweka, nenda ukatazame getini kwa utulivu, kisha sema "basi" mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, usubiri. Atakaponyamaza, hata kwa sekunde mbili, mpe kipande kidogo cha ini. Ongeza muda wa ukimya taratibu: sekunde tano, kumi, ishirini, hadi dakika nzima. Ukiharakisha kumlipa kila anaponyamaza kidogo, atajifunza kubweka makusudi ili anyamaze alipwe, na nimewahi kuliona hilo kwa mbwa wangu mwenyewe. Jiandae pia kwa siku chache za mwanzo, kwani ukikata mkate kelele zitaongezeka kabla ya kupungua. Zungumza na jirani mapema, maana ukishindwa kuvumilia usiku wa tatu ukatoka na mkate, Tomi atakuwa amejifunza kwamba anapaswa kubweka kwa muda mrefu zaidi.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Naomba kwanza shauri la kamba liachwe kabisa. Mbwa hatoi joto kwa jasho kama sisi. Hutokwa na jasho kidogo tu kwenye nyayo, na kwa sehemu kubwa hujipoza kwa kutweta. Ukimfunga mdomo katika joto la Dar es Salaam unaweza kumkuta amekufa asubuhi. Kuhusu mikanda ya shingoni inayopiga shoti ya umeme, ambayo huenda mtu mwingine akakushauri, Wales iliipiga marufuku mwaka 2010, nami naona walifanya haki, kwa sababu mbwa hupata maumivu bila kujua kosa lake na huenda akamhusisha nayo mtoto anayepita wakati huo.

Kuhusu kubweka "bila sababu", kumbuka kwamba sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, ilhali la mbwa huvuka 40,000, kwa hiyo panya aliye darini kwako anasikika vizuri kwa Tomi. Hata hivyo mpeleke akaguliwe masikio na kupe. Na ikiwa wakati wowote sauti yake itabadilika ghafla ikawa ya kukwaruza, akatokwa na mate mengi au kubadilika tabia, msimguse, bali mwiteni daktari siku hiyo hiyo, kwani hizo ni dalili zinazoweza kuwa za kichaa cha mbwa. Chanjo yake ya kila mwaka isikosekane.

Mzee wa Tanga

Mwanangu, mimi ni Mwislamu na mbwa simwingizi ndani, ila nafuga mmoja kwa ulinzi, jambo ambalo dini imeliruhusu. Wangu nilimhamishia usiku upande wa nyuma, mbali na barabara na mbali na dirisha la jirani, na hilo peke yake lilipunguza kelele kwa kiasi kikubwa. Kuhusu bodaboda, nilimwomba mjukuu wangu apite na pikipiki mbali kidogo, mbwa akiwa anakula, na kila siku akasogea hatua chache. Alfajiri akiitikia adhana kwa kulia kwa sauti ndefu, usimpige, kwani sauti ndefu huwaamsha mbwa kulia namna hiyo, naye hunyamaza ikiisha.

Mkazi wa Tabata

Nashukuruni sana, na shikamoo mzee wangu. Narudi baada ya wiki sita. Usiku wa nne ulikuwa mbaya kuliko yote, na nilikaa sebuleni nikilia bila kutoka. Mabati tumeweka, mnyororo nimeutoa, banda limekamilika, na mume wangu humtembeza kila siku kabla ya kwenda kazini. Bodaboda zikipita sasa huinua kichwa tu. Mbwa wa mtaa wa pili bado humwamsha, lakini "basi" ya dirishani inatosha. Juzi usiku wa manane alibweka kwa namna tofauti, mfululizo, nasi tukaamka wote: kulikuwa na mtu juu ya ukuta wa jirani yule mwenye mtoto, akaruka na kukimbia. Asubuhi jirani alikuja na kilo ya ini kwa ajili ya Tomi. Swali langu lililobaki ni hili: je, nimwombe naye ajifunze kusema "basi", au neno hilo libaki letu sisi wa nyumbani tu?